Kikohozi Nilichokwenda Nacho Kambini

Naandika haya wiki ya sita tangu nimeze vidonge vyangu vya mwisho. Aliyenisukuma ni Sista Agripina, muuguzi wa kliniki ya kifua niliyotibiwa hapa Arusha. Alisema wagonjwa wake wapya humwitikia kwa kichwa tu anapowaeleza mambo, kwa sababu wanajua yeye hajaugua. "Wewe umeugua, Mwalimu. Waambie." Basi nawaambia. Habari za vijidudu na mapafu sitazigusa, zimo kwenye mabango ya ukutani. Nitasema yale ambayo bango halisemi.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari. Naishi Lemara na mume wangu, Baba Gadi, ambaye ni fundi seremala, pamoja na watoto wetu wawili. Kwa miaka minne nilikuwa pia matroni wa timu ya taifa ya wasichana walio chini ya miaka kumi na saba. Matroni hafundishi mpira. Anatunza pasipoti, anahakikisha watoto wamekula na kulala, anajua nani yuko kwenye siku zake na nani amepigiwa simu kutoka nyumbani na sasa amejifungia chooni analia. Kwenye picha za timu, mimi ndiye yule mwanamke wa pembeni aliyebeba majaketi ya watu. Niliipenda kazi hiyo mno, na mapenzi hayo ndiyo yaliyonifanya nichelewe.

Kikohozi kilianza Januari, kambini Dar es Salaam, tulipokuwa tunajiandaa na mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Nikavilaumu viyoyozi. Februari nikaanza kuamka shuka limelowa jasho, nikalilaumu joto la Dar. Treksuti ya timu ikaanza kunipwaya, nikaikaza kamba. Kocha alinitania kwamba nafanya mazoezi kwa siri. Nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikatoka nje ili wasichana wasinione. Niliogopa kuambiwa nibaki. Hilo nalisema wazi ili anayesoma naye ajiulize anaogopa nini.

Katika kambi hiyo nilikuwa nalala chumba kimoja na Namnyaki, kipa wetu namba moja. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita kutoka Nduruma, mrefu, mchache wa maneno, mwenye viganja vipana kama vya baba yake anayekamua ng'ombe. Usiku wa kwanza kabisa wa kambi alikuja mlangoni kwangu na mto wake kwapani.

"Madam, naomba nilale kwako."

"Kuna nini chumbani kwako?"

"Hakuna kitu. Nyumbani nasikia ng'ombe wanapumua. Hapa sisikii chochote."

Nikamwekea kitanda cha pili. Tangu usiku huo hakuhama, na kwa wiki zile zote, dirisha limefungwa na kiyoyozi kinaunguruma, nilikohoa mita mbili kutoka kichwani mwake.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani, tukatoka sare ya bao moja kwa moja. Bao lao lilikuwa la penalti. Mchezaji wao namba tisa alitazama kulia kwa Namnyaki, akapiga kushoto. Marudiano yalikuwa ugenini, baada ya wiki mbili. Tukapewa siku chache za kwenda kuona wazazi, halafu turudi kambini tusafiri.

Jumapili nikaenda Kikatiti kumsalimia mama mkwe wangu. Nilipoinama kumwamkia, shikamoo ikakatika katikati. Nilikohoa mpaka nikashika nguzo ya baraza. Hakuitikia marahaba. Aliniangalia mabegani, kisha mikononi.

"Unakohoa tangu lini, Mama Gadi?"

"Ni mafua tu, Mama."

"Mafua hayamkondeshi mtu namna hii. Marehemu baba mkwe wako naye alisema mafua. Kesho asubuhi unakwenda hospitali, na mimi nakuja."

Asubuhi alifika Lemara kabla sijamaliza kuvaa, ameshika chupa ya uji na khanga mbili, ya kwake na ya kunifunika.

Benchi la kliniki ya kifua liko nje, chini ya paa la mabati, ili hewa ipite. Watu hukaa wakiacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na hakuna anayemsalimia mwenzake kwa jina. Kila mtu anaangalia chini kana kwamba kuna kitu amedondosha. Sista Agripina alinipa kikopo chenye kifuniko, akanielekeza niende nyuma ya jengo, nivute pumzi ndefu, nitoe makohozi kutoka ndani kabisa, siyo mate. Mama mkwe alisimama kando akanigeuzia mgongo, khanga ameitanua kama pazia ili wapita njia wasinione. Mtu anayekuja nawe mahali kama pale, msamehe makosa yake yote ya nyuma.

Majibu yalitoka siku ile ile mchana. Kifua kikuu.

"Kinapona," alisema Sista kabla sijafungua mdomo. "Miezi sita ya dawa. Miwili ya kwanza ni mizito, minne inayofuata utaizoea. Sasa nitajie watu unaolala nao na unaokaa nao chumba kimoja."

Nikamtaja Baba Gadi, nikataja watoto. Alisubiri, kalamu ikiwa hewani.

"Nina wasichana ishirini na wanne," nikasema. "Wiki ijayo wanapanda ndege."

Jioni ile nyumbani tuligombana mimi na mume wangu. Hatujawahi kugombana vile katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Baba Gadi si mtu mbaya. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karakanani kwake, vumbi la mbao kwenye nyusi, anajaribu kunitetea kwa namna aliyoijua.

"Zimebaki siku kumi na moja," alisema. "Waache wacheze. Wakirudi, utawaambia. Ukisema leo, utawavuruga, na watakaposhindwa watasema ni wewe."

"Na kama kuna mmoja anaumwa?"

"Umekaa nao tangu Januari. Siku kumi na moja zitaongeza nini?"

Nikamwona Namnyaki na mto wake kwapani. Nikatoka hadi barabarani, nikampigia daktari wa timu, nikamweleza yote, pamoja na kwamba nilikuwa nimeficha. Akasema, "Ahsante kwa kunipigia leo." Neno leo alilitamka polepole. Nimelikumbuka sana.

Timu nzima ilipimwa kwa siku mbili. Wasichana ishirini na watatu walikuwa salama. Mmoja alikutwa na ugonjwa, na huhitaji kuambiwa ni nani.

Wiki za kwanza za dawa nilizimeza huku mvua za masika zikipiga bati. Vidonge vinne vikubwa kila asubuhi, tumbo tupu. Mkojo ulitoka rangi ya chungwa, nikapiga kelele chooni mpaka Sista aliponiambia ndivyo ilivyo. Magoti yaliuma kama ya bibi kizee. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilinitoa nje. Kitu pekee kilichoshuka ni loshoro ya mama mkwe, ile mahindi na maziwa ya mgando, aliyokuwa akiileta kutoka Kikatiti kwenye kidumu.

Ila maumivu ya mwili yana mwisho unaoonekana. Mtaani, wifi yangu alikuja kuchukua vikombe vyake alivyotuazima. Jirani mmoja alieneza kwamba nina ule ugonjwa mwingine na hiki kifua ni kisingizio. Baba Gadi alihamia chumba cha watoto, na watoto wakaja sebuleni. Sista alikuwa amesema vyombo havina shida, lakini kikombe changu kilianza kukaa peke yake kwenye kona ya kabati. Sikuuliza nani alikiweka. Mwanangu wa pili, aliyezoea kuniegemea tukiangalia televisheni, alikaa kiti cha mbali na kunipungia mkono. Hata baada ya Sista kusema siambukizi tena, ule umbali ulibaki. Watu walisahau namna ya kunishika.

Namnyaki alirudishwa kwao Nduruma, na kwa kuwa alihitaji daktari wa kumfuatilia vizuri, akaandikishwa kliniki ile ile. Nilimkuta kwenye benchi asubuhi ya siku ya nne ya dawa zangu. Barakoa ilimfunika hadi chini ya macho. Aliniamkia, nikaitikia, na tukakaa tumeacha nafasi ya mtu mmoja katikati kama wengine. Alipoitwa dirishani alimeza dawa mbele ya Sista, akarudisha glasi, akaondoka. Siku ya tano ikawa hivyo hivyo, na ya sita.

Siku ya saba nilijikaza. "Namnyaki, mimi ndiye niliyekupa ugonjwa huu."

Alifikiri. Yeye hafikirii haraka isipokuwa golini.

"Madam, mimi ndiye niliyeomba kulala kwako."

"Lakini nilijua nakohoa."

"Mimi pia nilijua unakohoa. Sikuhama." Akatazama juu, mahali ambapo Mlima Meru ungeonekana kama si mawingu. "Nilikuwa nakohoa kidogo kabla ya kambi. Sista anasema hakuna kipimo cha kujua nani alimpa nani. Nimeamua nisihesabu."

Nilimwomba ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi wake. Akasema niende siku ya mechi, kwa sababu siku hiyo baba yake hatakuwa na muda mrefu wa kukasirika.

Nikaenda. Mama mkwe alinisindikiza mpaka Nduruma, akakataa kuingia mbele yangu. "Hili tangulia mwenyewe," alisema. Baba yake Namnyaki alikuwa uani, shuka begani, na fimbo mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia bila kunitazama.

"Mwalimu, ulimchukua hapa akiwa mzima," alisema. "Nilikuwekea saini kwenye karatasi yako. Sikumwekea saini mtu mwingine yeyote."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa anameza dawa kama mzee."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kusema ni kweli, na kuomba radhi. Nilificha kikohozi changu kwa sababu nilitaka kusafiri nao."

Fimbo yake ilichora mstari mavumbini, akaufuta kwa kiatu. Mkewe akatoka jikoni na sufuria. "Baba Namnyaki," alisema, "amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Angeweza kutuma ujumbe wa simu. Mwalimu, kaa, chai inapoa." Mzee akasogeza kigoda kwa ncha ya fimbo, kikanifikia. Mpaka leo hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe. Kigoda kilinitosha.

Tulikaa uani, wazi, wagonjwa wawili upande mmoja na wazima upande mwingine. Simu ya kaka yake Namnyaki iliegemezwa kwenye ndoo ya maziwa, na mechi ikaonekana kwa kukatikakatika. Golini alikuwa Veronika, kipa wa pili, binti wa Songea ambaye kambini alikuwa na tabia ya kuomba radhi kila alipodaka mpira vibaya. Hakuwa amewahi kucheza mechi ya kimataifa hata dakika moja.

"Vero, toka," Namnyaki alikuwa akiiambia ile picha ya simu kwa sauti ya chini, kama anayeongea na ng'ombe mwoga. "Toka golini. Usimsubiri. Vizuri. Sasa rudi."

Dakika ya hamsini na kitu, Nuru, yule kiungo wetu mdogo ambaye hana hata kilo arobaini na tano, alipiga mpira wa mbali ukapita juu ya kipa wao. Tukawa mbele. Mzee alisimama, akakaa tena. Kisha, dakika chache kabla ya mwisho, beki wetu akaunawa mpira ndani ya boksi. Penalti. Namba tisa yule yule akauweka mpira chini.

Picha ikaganda.

Kaka mtu alishika simu akaiinua juu, akaizungusha, akaishusha. Sauti ndiyo iliyorudi kwanza, mtangazaji akiliimba jina la Veronika. Picha ilipofuata, tulimwona amelala upande wa kushoto, mpira kifuani, amejikunja juu yake kama mtu anayelinda mtoto.

Nikamgeukia Namnyaki. "Amejuaje?"

"Nimeongea naye kila siku tangu nitoke kambini," alisema. "Nilimwambia yule anatazama kulia. Usitazame macho yake, tazama nyonga." Alisema hivyo bila kujisifu, kama anayetaja bei ya maharage. Filimbi ilipolia tukiwa tumevuka raundi ile, akainuka, akaenda mpaka kwenye mfereji nyuma ya migomba, na tukamwacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nataka kurudi," aliniambia. "Siyo kumtoa Vero. Nataka kurudi tu."

Nimewaona wachezaji wengi katika maisha yangu. Sijawahi kuona mwingine akimfundisha mwenzake, kila siku, akiwa na homa na ladha ya chuma mdomoni, jinsi ya kuikalia nafasi yake. Naandika habari za ugonjwa, lakini nikiwa mkweli, kilichoniponya nusu ni kumwangalia yule mtoto.

Miezi miwili mizito iliisha mwishoni mwa Mei. Kipimo cha makohozi kikatoka safi kwa sisi wote wawili, na vidonge vikapungua. Juni na Julai Arusha ni baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye mapaa, na kifua kilichougua hukumbuka. Nilikuwa nikitembea taratibu asubuhi, nguzo ya umeme hadi nguzo ya umeme, nikipumzika. Namnyaki alianza kwa kutembea kama mimi. Baadaye akakimbia nguzo moja, akatembea moja. Sista alimwekea mipaka na yeye aliifuata kama anavyofuata mistari ya boksi. Hakuruka dozi hata siku moja. Kuna asubuhi mvua ilikata barabara ya Nduruma, akaja kwa miguu, matope mpaka magotini, akapiga hodi dirishani kabla ya Sista kuvua koti.

Nyumbani nako mambo yalilegea kidogo kidogo. Siku moja nilimkuta Baba Gadi anakunywa chai kwenye kikombe changu kile cha kona. Alijua nimemwona. "Hiki kinashika joto," alisema, akaendelea kunywa. Usiku huo alirudisha godoro lake.

Mwezi wa tano wa dawa, Namnyaki aliitwa tena kambini baada ya daktari wa timu kumpima na kuridhika. Ilikuwa raundi ya mwisho ya kufuzu. Mechi ya ugenini walifungwa mbili kwa sifuri, Veronika golini, naye Namnyaki benchi. Ya marudiano ilikuwa Dar es Salaam, na mimi nilikwenda kama mtazamaji. Timu ilikuwa na matroni mwingine, mama mmoja mpole, na nilipomwona ameshika majaketi niliona wivu, kisha nikashukuru kwamba ameyakunja vizuri.

Tulipata bao moja mapema. Kipindi cha pili Veronika aligongana na mshambuliaji akatolewa kwa machela. Namnyaki akavaa glavu. Kabla ya kuingia alimfuata mwenzake kwenye machela, akamwinamia, wakasemezana kitu, ndipo akakimbia golini. Kwa dakika thelathini alidaka kila kilichokuja. Mara moja aliruka akaugusa mpira kwa ncha za vidole ukagonga mwamba, na uwanja mzima ukavuta pumzi pamoja nami, na kifua changu hakikuuma.

Bao la pili halikupatikana. Hatukwenda Kombe la Dunia.

Filimbi ilipolia wale wasichana walikaa chini kwenye nyasi. Nuru alifunika uso kwa jezi. Kisha Namnyaki akawainua mmoja mmoja, akawapanga mstari, wakaenda kuwapa mikono wapinzani wote, hadi wa akiba. Nililia, na siyo kwa kutolewa. Waliponiona kwenye uzio, walikuja. Nilirudi hatua nyuma kwa mazoea, kama nilivyokuwa nikirudi sokoni na kanisani kwa miezi mitano. Nuru alipitisha mikono juu ya uzio akanivuta shingoni. Akafuata mwingine, na mwingine, jasho lao na nyasi zao zikaniganda kwenye gauni. Wazazi wao walikuwa nyuma yangu wanaona. Hakuna aliyewazuia.

"Umenenepa, Madam," mmoja aliniambia sikioni. Ilikuwa sifa bora niliyopata mwaka huu.

Tulimaliza dawa Septemba, mimi na Namnyaki, katika wiki moja. Sista aligonga muhuri kadi zetu, akaandika neno amepona kwa mwandiko wake mkubwa. Kwenye benchi alikuwepo mgonjwa mpya, dada wa miaka ishirini na kitu hivi, amejifunika mtandio hadi puani, kikopo amekificha chini ya mkoba. Alikuwa anaangalia chini, na watu wameacha nafasi pande zake zote mbili.

Nilikuwa tayari kwenda nyumbani. Nilimwita Namnyaki tuondoke. Hakunisikia, au alijifanya hajanisikia. Alikuwa amevaa treksuti ya taifa, jina la nchi likiwa mgongoni, na kadi yake bado mkononi. Alilifuata lile benchi, akasimama mbele ya yule dada.

"Sogea kidogo nikae," alisema. "Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote."